Kemo ya Saratani ya Utando wa Kizazi Huchukua Muda Gani? Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa wa Mtwara na Lindi

Tuanze na jibu lenyewe. Mpango wa kawaida wa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani zinazopitishwa kwa dripu, kwa saratani ya utando wa ndani wa kizazi ni dozi sita, moja kila baada ya siku 21. Toka dozi ya kwanza hadi ya sita ni wiki 15. Ukiongeza zile wiki tatu za mwisho za kuacha mwili ujirudie, unapata wiki 18, yaani miezi minne na siku kadhaa. Mionzi ikiingia kwenye mpango, muda wote unafika miezi sita au saba. Anayetoka Newala, Tandahimba, Liwale au Nachingwea na kutibiwa Dar es Salaam, tunamshauri ajipange kwa miezi sita hata kama hana mionzi. Dozi huahirishwa mara nyingi, na sababu nyingi za kuahirishwa zinaweza kuonekana mapema zikitafutwa.

Namba za dawa tulizoweka hapa ni za kukusaidia kuelewa karatasi zako na kuuliza maswali kliniki. Dozi yako anaipanga daktari wa saratani anayekutibu.

Kwanza, jua ni saratani ipi na imefika wapi

Saratani ya utando wa kizazi siyo saratani ya mlango wa kizazi. Kampeni nyingi za uchunguzi na chanjo zinahusu mlango wa kizazi, kwa hiyo ndugu wengi huchanganya na kuanza kulinganisha: "Mbona shangazi yako alichomwa mionzi tu, wewe unapewa dripu?" Mlango wa kizazi mara nyingi hutibiwa kwa mionzi pamoja na kemo ya kila wiki. Utando wa kizazi kwa kawaida huanza na upasuaji wa kutoa kizazi, mirija na vifuko vya mayai, halafu ndipo huamuliwa kama kuna haja ya kemo, mionzi, vyote viwili, au hakuna kinachoongezwa. Usipange muda wako kwa kuangalia wa jirani.

Kinachoamua ni majibu ya histolojia, yaani uchunguzi wa maabara wa nyama iliyotolewa, na hapo ndipo wagonjwa wa kusini wanapopoteza wiki za mwanzo. Ukifanyiwa upasuaji hospitali yoyote ya mkoani, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, hakikisha kabla ya kuruhusiwa kwamba kizazi kilichotolewa kimepelekwa maabara ya patholojia, na uondoke na namba ya sampuli imeandikwa kwenye karatasi yako. Nyama hiyo inatakiwa ikae kwenye fomalini ya asilimia 10, ya kutosha kuizidi nyama kwa takriban mara kumi. Ikiwekwa kwenye maji au kwenye fomalini kidogo inaharibika, na mtaalamu hawezi kusoma kitu. Nyama ikishaharibika hakuna ya kurudia, na daktari atalazimika kupanga matibabu kwa kukisia. Msindikizaji asione haya kuuliza.

Karatasi ya majibu ikitoka, tafuta mambo matatu: aina ya seli, daraja lake (ukali wa seli), na hatua ya ugonjwa (umeenea hadi wapi). Hatua ya 1 ugonjwa uko ndani ya kizazi. Hatua ya 2 umeingia kwenye mlango wa kizazi. Hatua ya 3 umefika kwenye vifuko vya mayai, uke au tezi za nyonga. Hatua ya 4 umeingia kibofu, utumbo, au viungo vya mbali kama mapafu na ini. Mwanamke mwenye hatua ya 1 ya daraja la chini mara nyingi upasuaji unamtosha, na hapewi kemo kabisa. Akiambiwa hivyo asidhani ametelekezwa. Kemo hupewa zaidi wa hatua ya 3 na 4, waliorudiwa na ugonjwa, na wenye aina kali kama serasi na kasinosakoma, ambazo hupewa kemo hata zikigunduliwa mapema.

Baada ya upasuaji kidonda kinatakiwa kipone kwanza. Kemo kwa kawaida huanza wiki nne hadi sita baadaye, na si vizuri ivuke wiki nane. Kwa hiyo majibu ya histolojia yafuatiliwe kwa simu kuanzia wiki ya pili. Usisubiri kupigiwa.

Kwa nini siku 21

Dawa zinazotumika sana ni mbili kwa pamoja, paklitakseli na karboplatini. Zinaua seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli za saratani zimo humo, lakini na uboho wa mifupa unaotengeneza damu umo pia. Baada ya dozi, chembe nyeupe za damu hushuka taratibu na kufika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha hupanda. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huweza kuchelewa zaidi kwa sababu ya karboplatini. Kufikia siku ya 21 watu wengi wanakuwa wamerudi mahali ambapo mwili unaweza kupokea dozi nyingine. Ukiwahishwa, unapigwa ukiwa bado uko chini. Ukichelewa sana, seli za saratani zilizobaki zinapata nafasi ya kuzaliana.

Kwa nini sita? Kwa aliyetolewa kizazi na kila uvimbe ulioonekana, dozi hizi zinafuata seli zilizojificha ambazo picha haiwezi kuziona. Kila dozi inapunguza sehemu tu ya zile zilizobaki. Hili tunalisisitiza kwa sababu ya dozi ya tatu. Hapo ndipo wengi hukata safari: damu imekoma, maumivu yamekwisha, nywele zimekwisha, nauli imekwisha, na kuna mtu nyumbani anasema umeshapona. Kupata nafuu kwenye dozi ya tatu kunaonyesha dawa inafanya kazi. Hakuonyeshi kwamba kazi imekwisha.

Weka kalenda ya dozi zote sita siku ya kwanza

Chukua mfano wa mama anayeanza Jumatatu tarehe 6 Julai. Dozi zake zitakuwa 6 Julai, 27 Julai, 17 Agosti, 7 Septemba, 28 Septemba na 19 Oktoba. Mzunguko wa mwisho unafungwa tarehe 9 Novemba. Akiahirishwa mara mbili kwa wiki moja moja, dozi ya sita inasogea hadi 2 Novemba.

Sasa itazame kalenda hiyo kwa macho ya mkulima wa korosho. Julai na Agosti watu wako shambani wanapulizia. Septemba na Oktoba korosho zinaokotwa, na fedha za minada bado hazijaingia mfukoni. Yaani dozi ya nne, ya tano na ya sita zinaangukia wakati nguvu kazi inahitajika kuliko wakati wowote na pesa ni haba kuliko wakati wowote. Familia ikiliona hili Juni, itajua nani ataokota kwa niaba ya mama, na nauli ya dozi tatu za mwisho itatengwa mapema. Isipoliona, mama ataambiwa "tumalize msimu kwanza". Na mama mwenyewe asiingie shambani wakati wa kupulizia. Vumbi la salfa linachoma kifua hata cha mtu mzima wa afya.

Anayeanza Januari ana tatizo lingine, mvua. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560 kwa barabara, na Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara hiyo maeneo ya Kilwa, magari yakakwama. Dozi zikiangukia miezi ya mvua, safiri siku mbili kabla badala ya moja, na uwe na namba ya simu ya kliniki ili ukikwama upewe siku nyingine badala ya kuhesabiwa mtoro. Mwenye uwezo wa ndege kutoka Mtwara aitunze akiba hiyo kwa ajili ya wiki ambazo barabara haiaminiki.

Ramadhani nayo iandikwe kwenye kalenda. Wagonjwa wengi wa pwani hii wanataka kufunga. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na figo zinazotoa karboplatini zinahitaji maji. Zungumza na daktari na shehe wako kabla mwezi haujaandama. Usifunge kimya kimya siku ya dozi.

Kipimo cha damu kabla ya kupanda basi

Kama kuna ushauri mmoja tu utakaouchukua kwenye mwongozo huu, uwe huu. Siku mbili au tatu kabla ya tarehe ya dozi, pima damu huku huku kusini kabla ya kusafiri. Dozi ikiwa Jumatatu, pima Ijumaa asubuhi. Omba picha nzima ya damu, ile wahudumu wanayoiita FBP, pamoja na kreatinini ya figo, na vipimo vya ini kama daktari wako ameviagiza.

Kwenye karatasi ya FBP angalia mistari mitatu. Neutrofili, ambazo ni sehemu ya chembe nyeupe inayopigana na bakteria, kwa kawaida zinatakiwa 1.5 au zaidi. Baadhi ya madaktari hukubali kuanzia 1.0. Usichanganye na jumla ya chembe nyeupe, ambayo inaweza kuonekana nzuri huku neutrofili ziko chini. Chembe sahani zinatakiwa 100 au zaidi. Hemoglobini haina mpaka mmoja kwa hospitali zote, ila ikishuka chini ya 8 tarajia kuzungumziwa kuongezewa damu.

Piga picha ya majibu kwa simu na uyatume kliniki inayokutibu. Zikiwa chini, utaambiwa usubiri wiki moja nyumbani, na utakuwa umeokoa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Zikiwa sawa, unasafiri ukiwa na uhakika. Hospitali nyingine itarudia kipimo ukifika, nayo ni haki yao. Muulize daktari siku ya kwanza kabisa kama anakubali majibu ya mkoani na yanadumu siku ngapi.

Wakati huo huo uliza kuhusu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara: ni sehemu gani ya matibabu yako inaweza kufanyika hapo, iwe dozi zenyewe, vipimo, au ufuatiliaji baada ya kumaliza. Huduma za hospitali za kanda zinaongezeka, na jibu la mwaka juzi linaweza lisiwe jibu la leo. Kila kitu kinachofanyika Mtwara kinakupunguzia usiku wa kulala ugenini.

Siku ya dozi, saa kwa saa

Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni katikati ya Dar es Salaam, upande wa Ikulu, nayo mabasi ya kusini huingia mjini kwa Barabara ya Kilwa. Fika Dar siku moja kabla. Usitoke kwenye basi la usiku kwenda moja kwa moja kwenye dripu, na sababu ni dawa ya maandalizi.

Paklitakseli huweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo kabla yake hutolewa deksamethasoni. Hospitali nyingine huichoma kwenye mshipa nusu saa kabla. Nyingine humpa mgonjwa vidonge: miligramu 20 saa kumi na mbili kabla na miligramu 20 saa sita kabla. Kama dripu inaanza saa 3 asubuhi, vidonge vya kwanza ni saa 3 usiku na vya pili ni saa 9 usiku. Weka kengele ya simu. Angalia pia nguvu ya kidonge. Miligramu 20 ni vidonge vitano vya miligramu 4, lakini ni vidonge arobaini vya nusu miligramu, na vya nusu ndivyo vilivyojaa madukani. Aliyemeza vitano vya nusu amepata miligramu mbili na nusu tu, na amekaa kwenye kiti akidhani amejikinga. Kama hukumeza, au umemeza pungufu, mwambie muuguzi kabla dawa haijaanza. Ataongeza ya mshipa, na hakuna atakayekugombeza zaidi ya mzio wenyewe.

Wenye kisukari wasikie vizuri hapa, kwa kuwa kisukari, presha na uzito mkubwa huambatana sana na saratani hii. Deksamethasoni hupandisha sukari kwa siku mbili au tatu. Beba kipima sukari, endelea na dawa zako, na uliza mapema ufanye nini sukari ikipanda.

Asubuhi kunywa chai na ule. Utapimwa uzito na kimo, maana paklitakseli hupigwa kwa eneo la mwili. Mama wa sentimita 158 na kilo 70 ana eneo la mita mraba 1.75, kwa kiwango cha miligramu 175 kwa kila mita mraba anapata miligramu 306 hivi. Karboplatini hupigwa kwa figo: unachukua lengo aliloandika daktari, tuseme AUC 5 (AUC ni kipimo cha dawa inayolengwa ifike kwenye damu), unazidisha na uwezo wa figo wa kuchuja uliojumlishwa na 25. Figo zikichuja mililita 80 kwa dakika, ni 5 mara 105, yaani miligramu 525. Zikishuka hadi 50, ni miligramu 375. Ndiyo maana kreatinini hurudiwa kila mara, na ndiyo maana dozi yako inaweza isifanane na ya mwenzako wa kiti cha pili.

Baada ya dawa za mzio na za kichefuchefu, paklitakseli hutangulia na huenda kwa saa tatu, kwa mrija maalumu wenye kichujio. Dakika kumi na tano za mwanzo za dozi ya kwanza na ya pili ndizo za kuwa macho. Uso ukiwaka moto, kifua kikibana, mgongo ukiuma ghafla au pumzi ikikatika, sema hapo hapo. Dripu itasimamishwa, utapewa dawa, na mara nyingi huendelea baadaye kwa kasi ndogo. Mkono ukichoma au kuvimba penye kanula, kile kibomba cha dripu kilicho kwenye mshipa, sema pia. Dawa iliyovuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na ukivumilia kwa heshima unaumia zaidi. Kisha inafuata karboplatini kwa nusu saa hadi saa moja. Kwa kawaida utatoka saa 9 au 10 alasiri. Lala Dar usiku huo.

Homa kati ya siku ya 7 na ya 14

Hapa ndipo wagonjwa wa mikoa yetu wanapopotea, na tunaandika kwa msisitizo kwa sababu kinachowaua ni mazoea ya kila nyumba. Mtu akipata homa Mtwara au Lindi, wazo la kwanza ni malaria. Mtoto anatumwa duka la dawa, mseto unaletwa, parasetamoli inamezwa, mgonjwa anafunikwa khanga asubiri kesho. Kwa aliye kwenye kemo, kesho inaweza kuwa imechelewa. Chembe nyeupe zikiwa chini, bakteria wa kawaida wa utumbo au ngozi wanaingia kwenye damu na kumwangusha mtu kwa saa chache.

Nunua kipimajoto kabla ya dozi ya kwanza. Ukijisikia vibaya, pima kabla ya kumeza parasetamoli, maana inashusha joto na kuficha tatizo. Ikisoma 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi hata kama joto halijapanda, ondoka kwenda hospitali muda huo huo, usiku au mchana. Kama kilicho karibu ni zahanati tu, nenda hapo upewe sindano ya kwanza ya antibiotiki huku usafiri wa rufaa unatafutwa. Malaria ipimwe, na ikiwepo itibiwe, lakini malaria kuonekana hakuondoi uwezekano wa maambukizi mengine. Antibiotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja toka ufike, bila kungoja majibu yote.

Mhudumu wa zamu usiku anaweza asijue habari zako. Andika karatasi hii, itie kwenye mfuko wa plastiki na utembee nayo:

*Niko kwenye kemo ya paklitakseli na karboplatini. Dozi ya mwisho nilipata tarehe ____. Nikiwa na homa ya 38 au zaidi, huenda chembe zangu nyeupe ziko chini. Naomba nipimwe FBP na malaria, na nianzishiwe antibiotiki ya mshipa bila kusubiri. Simu ya kliniki yangu ni ____.*

Kupunguza hatari ni kazi ya mikono na jiko. Mikono ioshwe kwa sabuni, yako na ya wanaokulisha. Maji yachemshwe. Chakula kiwe cha moto: ugali na samaki aliyeiva, mbaazi za nazi, uji wenye korosho zilizosagwa. Ming'oko au pweza wa barabarani, kama hukuona akitoka kwenye chungu, mwache. Embe menya mwenyewe. Kachumbari isubiri wiki ya tatu.

Mambo mengine yanayosogeza tarehe

Chembe nyeupe zikiwa chini mara kwa mara, daktari ana njia tatu: kusubiri wiki, kupunguza dozi, au kuongeza sindano za filgrastimu zinazoamsha uboho, ambazo huanza angalau saa 24 baada ya kemo. Paklitakseli huweza kushushwa toka 175 hadi 135. Kupunguziwa dozi si kunyimwa tiba.

Ganzi na kuchoma kwa vidole vya mikono na miguu hukua dozi baada ya dozi. Ukianza kushindwa kufunga vifungo, au ndala inatoka mguuni bila wewe kujua, taja. Ikiachwa inaweza kubaki ya kudumu. Usitembee peku shambani na usishike sufuria bila kitambaa. Maumivu ya misuli na viungo ya siku ya 2 hadi ya 4 ni jambo jingine, hayo hupita. Lakini diklofenaki na ibuprofeni usizinunue bila ruhusa, kwa ajili ya figo na kwa ajili ya chembe sahani.

Dawa za miti shamba zinaweza kuumiza ini na figo, na figo zikiyumba dozi inasimama. Mwambie daktari unachotumia, bila aibu. Anayetumia ARV asiziache hata siku moja. Aonyeshe kopo lake, kwa kuwa zidovudini hushusha damu na dawa zenye ritonaviri hupandisha kiwango cha paklitakseli mwilini. Vidonda vya mdomo, sukutua mara nne kwa siku kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa. Choo kigumu kinasababishwa mara nyingi na ondansetroni, dawa ya kichefuchefu, ongeza maji na papai. Nywele huanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu na huota tena miezi michache baada ya kumaliza.

Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo na matapishi yana dawa. Anayesafisha avae glovu, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake.

Mionzi ikiwemo

Kuna mipango zaidi ya mmoja. Mmoja, uliopimwa kwenye utafiti wa PORTEC-3, huanza na mionzi ya vipindi 27, Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na sisplatini, dawa nyingine ya kemo, wiki ya kwanza na ya nne, kisha dozi nne za karboplatini na paklitakseli kila wiki tatu. Mwingine ni kemo sita kwanza, mionzi baadaye. Mwingine ni tatu, mionzi, kisha tatu. Kwa yote tarajia miezi sita hivi, mara nyingine saba. Jambo la kupanga ni malazi: kemo unaweza kwenda na kurudi, mionzi huwezi. Ni wiki tano hadi sita za kukaa Dar. Ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ndiyo ya kuonana nayo siku ya kwanza, kwa malazi na kwa msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo. Nenda na barua ya rufaa, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na kadi ya bima kama unayo.

Kama ni chini au zaidi ya dozi sita

Wapo wanaosimamishwa kwenye ya nne kwa sababu ya figo au ganzi. Kwa ugonjwa wa hatua ya 4 au uliorudi, picha ya CT hufanyika baada ya dozi ya tatu hivi. Ukipungua wanaendelea, ukikua dawa hubadilishwa. Wengine huingia kwenye vidonge vya homoni kama megestroli au medroksiprojesteroni, vinavyomezwa kila siku kwa muda wote vinapofanya kazi. Kuna pia dawa za kinga, pembrolizumabu na dostarlimabu, zinazoanza pamoja na kemo na kuendelea peke yake hadi miaka miwili au mitatu, ila bei yake iko mbali na familia nyingi.

Ukikosa dozi kwa wiki kadhaa, kwa msiba, barabara au pesa, rudi. Usidhani umefukuzwa wala kwamba lazima uanze moja. Daktari atapima na kuamua wapi pa kuendelea.

Baada ya dozi ya sita, ondoka na muhtasari ulioandikwa: majina ya dawa, idadi ya dozi, tarehe ya mwisho, dozi zilizopunguzwa na sababu. Weka nakala mbili, moja nyumbani na moja hospitali ya mkoa. Uchunguzi hufuata kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kisha kila miezi sita hadi kumi na mbili mpaka mwaka wa tano. Damu ukeni, mguu mmoja kuvimba, maumivu mapya ya mgongo au nyonga, au kikohozi kisichoisha havisubiri tarehe ya kliniki. Nenda ukaonwe wiki hiyo hiyo.